Chai juu ya ugali, enaji jioni, kisha moyo mzito: je, ni chakula?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Mwanza, nina mtoto wa miezi kumi ambaye bado ananyonya. Tangu miezi mitano iliyopita nachoka kupita kiasi, nakasirika kwa jambo dogo, moyo unadunda bila sababu, na mambo niliyokuwa nayapenda hayana ladha tena. Naamka saa 8 usiku na usingizi haurudi. Nilipima zahanati wingi wa damu nikaambiwa ni 11.2, "nzuri tu". Asubuhi saa 1 nakunywa chai ya rangi na maandazi mawili. Sili tena hadi saa 9 alasiri, kwa sababu ya kazi dukani na pia nataka kupunguza tumbo. Hapo nakula ugali wa sembe na mchicha au tembele, na chai juu yake. Saa 11 jioni nakunywa enaji ili nimalize siku. Usiku saa 3 wali na maharage, chai tena. Sukari ni vijiko vinne kwa kikombe. Jirani anauza virutubisho vya kutuliza akili, kopo shilingi 80,000. Mama mkwe anasema nadeka. Je, inaweza kuwa ni chakula tu?

Jibu: Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuandika chakula pamoja na saa zake. Wengi hutaja vyakula tu, na kwa hali kama yako saa ndizo zenye habari.

Kwa kifupi: ratiba hiyo inatosha kumchosha mtu mzima, kumjaza hasira na kumkosesha usingizi. Haitoshi kueleza yote uliyoyataja. Kukosa ladha ya mambo uliyoyapenda, kwa miezi mitano, ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, ni lazima kuchunguzwe kama sonona ya baada ya kujifungua, hata kama sahani yako itabadilika kesho. Fanya yote mawili kwa pamoja. Usisubiri moja lishindwe ndipo uanze lingine. Na hapana, hudeki.

Tuanze na hiyo 11.2, maana hapo umepewa faraja isiyo sahihi. Kwa mwanamke mtu mzima asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita. Kipimo cha 11 hutumika kwa wajawazito, na huenda aliyekuhudumia amekizoea hicho kwa sababu wengi anaowapima ni mama wa kliniki. Zaidi ya hapo, Mwanza iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa wakazi wa mwinuko huo mpaka hupandishwa kidogo. Kwa hiyo damu yako imepungua. Si pungufu ya kulazwa, lakini ni pungufu ya kukuchosha.

Kuna jambo watu wengi hawaambiwi: kazi ya madini ya chuma si kutengeneza damu tu. Ubongo huyahitaji kutengeneza dopamini na serotonini, kemikali zinazohusika na hamu, utulivu na umakini. Ndiyo maana akiba ya chuma ikiisha mtu anaweza kuwa mkali, msahaulifu na mzito wa moyo hata kabla wingi wa damu haujashuka sana. Dalili nyingine ni miguu kutotulia usiku, ile hali ya kutaka kuisogeza kila dakika ukiwa kitandani, na hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu. Ukiwa na mojawapo, mwambie mhudumu. Wanawake wengi huona aibu kutaja udongo, wakati ni kidokezo kizuri kuliko maswali kumi.

Sasa chai. Majani ya chai yana tanini, na hiyo hushikana na chuma cha mimea tumboni, kikapita bila kufyonzwa. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu. Kahawa hufanya hivyo pia, kwa kiasi kidogo kidogo. Wewe chuma chako karibu chote kinatoka kwenye mchicha, tembele na maharage, yaani chuma kile kile kinachozuiliwa kirahisi, na kila mlo unaufunika kwa chai. Mchicha wenyewe hautoi chuma kwa ukarimu kama sifa zake zinavyosema. Chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa vizuri zaidi na hakisumbuliwi sana na chai.

Huhitaji kuacha chai. Ihamishe. Acha ipite angalau saa moja baada ya kula, mbili ni bora zaidi. Kwenye mlo kunywa maji, na ukitaka kitu cha moto, chemsha mchaichai au tangawizi bila majani ya chai. Kisha weka vitamini C kwenye mlo huo huo, kwa sababu yenyewe hukisaidia chuma cha mimea kupita: kamua nusu limau juu ya mboga ikishaiva, au kula pera moja au chungwa baada ya ugali. Pera ni bei ndogo na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, sijui kwa nini tunaliachia watoto. Limau likikamuliwa sufuria ikiwa bado inachemka, sehemu kubwa ya faida hiyo inapotea.

Ukipewa vidonge vya chuma hospitalini, kanuni ni hiyo hiyo: maji au juisi ya chungwa, mbali na chai, maziwa na dawa za kupunguza asidi kwa saa mbili. Kidonge cha kawaida cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 65. Kikikuumiza tumbo, muulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Kwa wanawake wenye upungufu, mpango huo umeonekana kufanya kila kidonge kifyonzwe vizuri zaidi. Choo kitakuwa cheusi, usitishike. Dozi huendelea kwa kawaida miezi mitatu baada ya damu kurudi kiwango chake, ili akiba ijae, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaacha mara wanapopata nguvu. Vifungie kabatini. Vidonge vichache vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto wa umri wa mwanao.

Lakini kabla ya vidonge, ulizia damu inakwenda wapi. Ulipoteza nyingi wakati wa kujifungua? Hedhi imerudi, na ni nzito? Umepima malaria na choo? Safura, minyoo ya tumboni, hunyonya damu kimyakimya, na ukiwa nayo utameza chuma mwaka mzima ukijaza ndoo iliyotoboka. Omba picha kamili ya damu, ambayo maabara huandika FBP, na feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, kama ipo. Feritini chini ya 15 kwa mtu asiye na maambukizi maana yake akiba imekwisha. Ukiwa na homa au maambukizi, namba hiyo hupanda kwa uongo, kwa hiyo mwambie daktari kama unaumwa. Ongeza kipimo cha tezi ya shingo, TSH, kwa sababu tezi huweza kuyumba katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua na kuleta hasa haya: uchovu, moyo kudunda, hasira, huzuni. Hilo halitibiki kwa mboga. Kama una mwanafamilia mwenye selimundu, litaje pia kabla hujaanza chuma.

Suala la moyo kudunda na kuamka saa 8 usiku lina njia yake. Hesabu pamoja nami. Vikombe vitatu vya chai kwa vijiko vinne ni vijiko 12, na kijiko cha chai hubeba gramu 4 hadi 5 za sukari. Hapo una kama gramu 50. Kopo la enaji la mililita 250 huongeza gramu 27 hivi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50 kwa siku, na bora zaidi ni 25. Lakini jumla hainisumbui kama mpangilio. Asubuhi unaingiza sukari na unga mweupe uliokaangwa, karibu bila protini, kisha unakaa saa nane bila kula huku unanyonyesha. Sukari ya damu hupanda haraka, kisha hushuka, na mwili hujibu kwa kumwaga adrenalini. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unadunda, mteja akiuliza bei mara mbili unamkaripia. Dalili hizo hazina tofauti kubwa na za wasiwasi, na mtu anaweza kuamini ana wasiwasi kumbe ana njaa. Mara nyingi ana vyote viwili.

Halafu enaji. Kopo lile, likiwa na kiwango cha kawaida cha miligramu 32 kwa kila mililita 100, lina miligramu 80 za kafeini. Soma lebo, kwa sababu chupa kubwa huzidi hapo. Mwili wa mtu mzima huchukua wastani wa saa tano kuondoa nusu yake. Ukinywa saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu bado iko kwenye damu, na chai ya saa 3 imeongezwa juu. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, muda huo huweza kukaribia mara mbili. Unalala kwa uchovu, unaamka katikati, kesho unahitaji enaji nyingine. Kafeini haiongezi nguvu. Inazuia ubongo usisikie taarifa ya uchovu, na uchovu wenyewe unabaki pale pale. Sehemu ndogo hupita pia kwenye maziwa, na anayenyonyesha anashauriwa asizidishe miligramu 200 kwa siku.

Usiikate kwa siku moja. Ukiacha ghafla, kichwa kitauma ndani ya saa 12 hadi 24 na kinaweza kukusumbua kwa siku kadhaa, ndipo utasema ushauri huu umekudhuru. Wiki ya kwanza sogeza enaji hadi saa 7 mchana na unywe nusu. Wiki ya pili iondoe. Chai ya mwisho iwe saa 8 mchana. Sukari punguza nusu kijiko kila siku tatu. Ulimi huzoea bila kelele.

Kuhusu tumbo. Anayenyonyesha anatumia nishati ya ziada, na nyongeza inayokadiriwa kwa kawaida ni kama kalori 330 hadi 500 kwa siku. Kuruka mlo sasa hivi ni kujikopa mwenyewe. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kilichunguza wanaume 36 wenye afya njema waliokubali kula takriban nusu ya walichozoea kwa miezi sita. Waliingia wakiwa watulivu, na kadiri wiki zilivyokwenda wakawa wakali, wenye huzuni, wasiopenda kuonana na watu, wakiwaza chakula mchana kutwa. Hao hawakuwa na mtoto mchanga wala deni la kodi ya duka. Tumbo liache mpaka damu na usingizi virudi.

Siku yako inaweza kuwa hivi, bila kununua kitu cha ajabu. Saa 1 asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha na kiazi kitamu au muhogo, pamoja na tunda, au bakuli la uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa. Ulezi ulioloweshwa ukaoteshwa kidogo kabla ya kukaushwa na kusagwa ni bora, kwa sababu kuota hupunguza vizuizi vya chuma na zinki. Karanga zenye ukungu au uchungu tupa zote, usichambue; hiyo ni hatari ya sumukuvu. Chai yako ije saa 3. Saa 5, kitu cha kutafuna dukani: ndizi na kiganja cha karanga. Saa 7, si saa 9, chakula cha mchana. Kama unakula kwa mama lishe, omba ugali upungue robo, maharage yaongezwe, na dagaa wawepo.

Dagaa nitawasemea kidogo, maana uko Mwanza na unakula mchicha mtupu. Huyo samaki mdogo anayeliwa mzima na miiba yake anakupa protini, chuma kinachofyonzwa, zinki, kalsiamu, mafuta ya omega-3 na vitamini B12. Vitamini hiyo ya mwisho ndiyo naitazama zaidi. B12 haipatikani kwenye mboga, maharage wala unga wa mlonge, hata tangazo liseme nini. Hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, au kwenye unga uliorutubishwa. Upungufu wake huleta ganzi ya miguu, kusahau na huzuni. Viganja viwili vya dagaa wakavu kwenye mlo, mara tatu au nne kwa wiki, vinatosha. Chagua wenye rangi ya fedha, si waliogeuka njano na kunukia mafuta mabovu. Hao omega-3 yao imeharibika. Walowe maji ya uvuguvugu dakika kumi, wasuuze mpaka mchanga uishe, wapike na nyanya na limau. Kuwakaanga mpaka wawe kama bisi ni kitamu, ila unakula mafuta zaidi kuliko samaki.

Jikoni kuna mambo mawili yanayopoteza faida bila mtu kujua. La kwanza ni magadi kwenye maharage na mboga: yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na C. Badala yake lowesha maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. La pili ni kukata mboga kwanza ndipo uoshe, kisha kuchemsha na kumwaga maji. Osha, kata, pika dakika tatu hadi tano kwa maji kidogo, basi. Na sembe: kukoboa huondoa kiini na ganda, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini B na magnesi. Changanya nusu dona nusu sembe kama familia inalalamika, au ununue sembe yenye alama ya kurutubishwa. Ile ya mashine ya mtaani kwa kawaida haina. Mahindi yana historia katika jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani, watu walioishi kwa mahindi karibu peke yake waliugua ugonjwa wa pelagra kwa kukosa niasini, mojawapo ya vitamini B, na wengine waliishia kwenye hospitali za wagonjwa wa akili. Dawa ilikuwa chakula.

Ushahidi wa kisasa uko wapi? Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona ya kati hadi kali, wengi wao wakiwa tayari kwenye matibabu. Nusu walikutana na mtaalamu wa lishe mara saba katika wiki 12 na kuhamia kwenye mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa na samaki. Wengine walipata mtu wa kuzungumza naye tu. Kundi la kwanza, asilimia 32 walifikia nafuu kamili. La pili, asilimia 8. Ni jaribio dogo, na washiriki walijua wako kundi gani, kwa hiyo lipokee kwa kiasi. Karibu na kwetu, mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa Kilimanjaro uliowabadilishia chakula vijana wa kiume: waliotoka kwenye chakula cha asili cha kunde, ndizi na mboga kwenda kwenye soseji, mikate myeupe na chipsi walionyesha dalili za uvimbe-joto, yaani kinga ya mwili kuwaka, kwenye damu ndani ya wiki mbili, na waliokwenda upande wa pili zikapungua. Utafiti huo ulipima damu, haukupima huzuni. Uvimbe wa aina hiyo unahusishwa na sonona, ila kuhusishwa si kusababisha.

Sasa lile kopo la 80,000. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu zaidi ya 1,000 katika nchi nne za Ulaya, wenye uzito uliozidi na walio hatarini kupata sonona. Walipewa kwa mwaka mzima ama omega-3, vitamini D na virutubisho vingine, ama vidonge bandia. Virutubisho havikuzuia sonona. Kirutubisho husaidia pale ulipo upungufu uliothibitishwa, na wako unaanza na damu. Jihadhari pia na madai kwamba bidhaa fulani ina serotonini: ndizi inayo, na utumbo wako hutengeneza nyingi, lakini serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo. Zaidi ya hayo unanyonyesha, na kopo lisilosema wazi kilichomo mtoto atakishiriki. Fedha hiyo ilipie vipimo na mayai.

Hospitalini watakuuliza maswali mawili, yajibu kwa ukweli. Katika wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni siku ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ikifika 3, uchunguzi kamili unahitajika. Ushauri nasaha husaidia, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Mwambie daktari mapema kuwa unanyonyesha. Ukipewa, usiache ghafla kwa sababu chakula kimekuwa kizuri.

Usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo ukiwa na mtu, kama unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au umekaa usiku mbili bila kulala na bado huhisi haja ya usingizi.

Kwa siku 14 andika kwenye daftari saa ulizokula, chai na saa yake, saa ulizolala, na hasira kwa alama 0 hadi 10. Usingizi huanza kutengemaa ndani ya wiki mbili baada ya enaji kuondoka, na mitetemo ya mchana mapema zaidi. Uchovu wa damu hauna haraka hiyo. Rudia kipimo baada ya wiki nne za vidonge, na kama hakijapanda walau gramu moja, tatizo si mchicha, bali ni ndoo iliyotoboka, na ni lazima mtafute tundu. Daftari nenda nalo kliniki, hata kama lina madoa ya chai.